Kundi zima lilipitishwa mbio mbele ya tao la Severus

Naandika nikiwa bado na hasira. Nililipia ziara ya kuongozwa ya Colosseum, ule uwanja wa kale wa mapigano, na Forum ya Roma, magofu ya kitovu cha mji wa kale, na haikuwa pesa ndogo, kwa sababu nilitaka mtu wa kunieleza. Mawe ningeyatazama peke yangu.

Colosseum, simnyimi haki yake, mwongozaji aliimudu. Alivyosimulia wanyama walivyopandishwa kwa lifti za mbao kutoka vyumba vya chini hadi uwanjani, hata watoto walitulia. Tukateremka Forum. Tulipofika kwenye tao la Septimius Severus akasema, "Tao la ushindi, mwaka 203, twendeni," huyoo, kaondoka na kibendera chake.

Jamani, Severus! Mzaliwa wa Leptis Magna, Libya ya leo, aliyetawala dola nzima ya Roma kuanzia 193 hadi 211. Mimi Mwafrika, tao hilo ndilo lililonitoa nyumbani. Nikamuuliza kwa adabu kuhusu mstari wa nne wa maandishi. Ukitazama vizuri utaona vitundu vya kushikizia herufi za shaba ambavyo havilingani na maneno yaliyopo sasa. Hapo palikuwa na jina la Geta, mtoto wa Severus. Kaka yake, Caracalla, alimuua, kisha akaamuru jina lake lifutwe kila mahali. Ukatili wote huo umebaki kwenye jiwe, unaonekana kwa macho!

Hakugeuka hata kunitazama. Alijibu kwenye kipaza sauti chake, watu wote wakisikia masikioni: "Hayo ni mambo ya wasomi. Wewe piga picha." Wengine wakacheka. Niliumia sana, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Baadaye nilikwenda mwenyewe Makumbusho ya Capitolini, na huko ndiko nilikoiona Roma. Sanamu ya shaba ya Kaisari Marcus Aurelius juu ya farasi, ile halisi, imo ndani. Iliyoko nje uwanjani ni nakala. Mama mmoja wa zamu aliniona nahangaika na ramani, akaniongoza hadi njia ya kushukia Tabularium, jengo la Kirumi la kale lililo chini ya makumbusho. Ukisimama kwenye matao yake, Forum yote iko chini yako, na tao la Severus liko pale pale mbele. Nilikaa nilivyotaka, hakuna aliyenihimiza. Nyota tano kwa makumbusho hayo, bila kusita.

Kampuni ya ziara nilikusudia kuipa tatu, kwa ajili ya Colosseum. Lakini nilipolalamika walinijibu kwamba mwongozaji alifuata ratiba. Ratiba gani? Mbona muda wa kutusimamisha kwenye duka la sumaku za friji ulipatikana, tena akatusubiri kwa subira mpaka wa mwisho akalipa? Basi mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya zile lifti za mbao.