Process Monitor: kama unaandika programu za Windows, usikae bila hii
Jamani wa C++ na Win32, hii kitu ya kuchungulia programu inagusa nini kwenye kompyuta ni ya bure kabisa, inatoka Sysinternals (zana za kuchunguza Windows) ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell ambayo Microsoft waliinunua 2006, na wala huhitaji kuinstoli, unaidaunlodi unaifungua kama admini basi. Utamu wake ni pale programu inapopiga kazi freshi kwako halafu kwa mteja inagoma kuwaka. Weka filta ya jina la exe yako, washa programu, utaona mstari kwa mstari kila faili na kila kii ya rejista (hifadhi ya setingi za Windows) inayoguswa, na ukikuta VCRUNTIME140.dll (faili la maktaba ambalo programu nyingi za C++ hulihitaji) imetafutwa folda baada ya folda na kote jibu ni NAME NOT FOUND ujue mteja hana ridistributabo ya Visual C++ (kifurushi chenye dll hizo), mpe aiweke. Ila usipaniki kwa kila NAME NOT FOUND, nyingi ni kawaida tu maana Windows huwa inapita folda kwa zamu mpaka ipate dll yake.

Na wale mnaolia setingi zimepotea: programu ya biti 32 ikiandika HKLM\Software (sehemu ya rejista ya setingi za kompyuta nzima) kwenye Windows ya biti 64 mara nyingi inapelekwa WOW6432Node (tawi la pembeni la programu za biti 32), humu kwenye Process Monitor mnaiona laivu!

Kasoro? Matukio yanamiminika balaa na memori inaliwa, hata ukifilta bado inayatunza, so washa Drop Filtered Events. Kama shida ni handle za GDI (vishikio vya vitu vya kuchorea kwenye skrini) kuvuja, yaani kufunguliwa bila kufungwa (mwisho kwa kawaida ni 10,000 kwa prosesi), hapo tumia dada yake Process Explorer. Nyota tano.