TAHADHARI: "Wakaguzi wa nyumba" wanaotoza pesa ya fomu Pemba. Sisi tumeshalizwa

Assalaam aleikum jamaa zangu. Naandika haraka kwa sababu jana nimepigiwa simu kwamba wameonekana upande wa Micheweni, na kwetu Wilaya ya Wete walishapita wakatuingiza mjini mchana kweupe.

Ule upepo uliokuja na mvua za mwanzo wa vuli uliezua mapaa kadhaa kijijini kwetu. Nyumba ya mama mdogo ilipoteza bati kumi na moja za upande wa uani, na ukuta wa jikoni, ule wa udongo, ukaporomoka nusu. Hakuumia mtu, alhamdulillahi. Siku ya nne ikaingia keri nyeupe, kile kigari kidogo cha mizigo: wanaume watatu na mwanamke mmoja, wamevaa vizibao vya kung'aa, vitambulisho vinaning'inia shingoni. Wakasema kampuni yao imeshinda tenda ya Serikali ya kukagua nyumba zilizoharibika, na kila atakayekaguliwa atapata bati thelathini na saruji mifuko ishirini. Fomu shilingi 10,000, "mchango wa ukaguzi" shilingi 25,000. Zinatumwa kwa simu papo hapo, na jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri ni la mtu, si la kampuni wala la Serikali.

Ndiyo, jina la mtu lilitokea na watu wakatuma. Mimi nilikuwa Unguja, lakini sijifanyi mjanja. Mama mdogo alinipigia kuniuliza, nikamwambia "kama wana vitambulisho toa tu, nitakurejeshea." Kwa hivyo 35,000 ile ni yangu na ujinga ni wangu.

Mdogo wangu, mtoto wake, ni fundi wa ujenzi. Yeye ndiye aliyeona kitu ambacho wengine hawakukiona. Yule mkaguzi alitoa futikamba kupima ukuta wa mbele, na futi yenyewe ilikuwa imekatika mwanzo: ile ncha ya chuma haipo, inaanzia sentimita kumi na nne. Fundi mwenye futi kama hiyo hutoa zile kumi na nne kila anapopima, au anaitupa. Huyu bwana akaibandika ukutani, akasoma namba aliyoiona mwisho, akaandika. Ukuta wa pili hivyo hivyo. Jikoni, ambako ndiko kulikobomoka, hakuingia kabisa, alichungulia tu mlangoni akaandika "nyufa". Mdogo wangu akamwambia, "Bwana, futi yako imekatika." Akajibiwa, "Hiyo ni kazi ya ofisini, sisi tunakusanya tu." Kisha wakapiga namba ya rangi nyekundu ukutani, kubwa kama za mradi wa barabara, na zile namba ndizo zilizowafanya majirani waje mbio na wao wakaguliwe.

Kibaya zaidi ni agizo walilotoa walipokuwa wanaondoka: msitengeneze chochote mpaka timu ya pili ije, ukigusa nyumba unafutwa kwenye orodha. Watu wakatii. Mama mdogo alikuwa na bati kuukuu nane nyuma ya banda, za kutosha kuziba sehemu kubwa ya tundu lile, na kijana wa kuzipigilia anaye ndani ya nyumba. Zikakaa pale pale wiki tatu, mvua inaingia. Jirani yake mmoja alikuwa na karafuu ndani, zimebakia siku moja ya jua zikauzwe ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu. Zililowa usiku, zikavunda, zikawa mpeta. Ukipiga hesabu, yeye hakuibiwa 35,000, aliibiwa msimu mzima.

Na bado hilo si la mwisho. Yule mwanamke alikuwa na kidude kidogo cha alama za vidole, kama vile vya mawakala wa laini za simu. Alichukua kitambulisho cha taifa, cha NIDA, akaandika namba, akamwambia mama mdogo aweke dole gumba. "Haijasoma mama, weka tena." Akaweka tena. "Sasa la kushoto." Juzi tu nimemwambia mdogo wangu apige *106#, namba ya kuangalia laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, kwa simu ya mama. Laini tatu zimesajiliwa kwa jina lake. Mama yule simu yake ni moja, ya vitufe, na meseji anasomewa na wajukuu. Zile mbili ziko mikononi mwa nani, na zinamwomba nani pesa kwa jina lake hivi sasa? Hili ndilo lililonitoa usingizi, na ndilo lililonifanya niandike, maana pesa zenyewe nilikuwa nimeshazisamehe.

Tuseme ukweli kwa nini waliaminika. Uongo wao ulikaa jirani sana na ukweli. Serikali huku na kwengineko hutoa kazi kwa kampuni binafsi, hilo hakuna asiyelijua. Shemeji yangu anaishi Houston, Marekani, alikuwepo mwaka 2017 kimbunga Harvey kilipoujaza maji mji ule. Anasema kule shirika la serikali kuu linaloshughulikia maafa, FEMA, hukodi kampuni za nje kukagua nyumba za watu, kwa hivyo anayekuja mlangoni kwako huenda si mwajiriwa wa serikali, na bado ni wa kweli. Nikamuuliza, sasa mnamjuaje? Akasema: kwanza hatozi hata senti moja, kampuni inalipwa na aliyeipa mkataba. Pili, wewe ndiye uliyeomba msaada ukapewa namba ya usajili, na mkaguzi anakuja nayo namba hiyo. Asiyekuwa nayo, au anayetaka wewe umtajie, ni mwizi. Na kule nako matapeli wanajaa kila baada ya kimbunga, kwa hivyo tusijione sisi wa Pemba ndio washamba wa dunia.

Sasa geuza hilo uliweke kwetu. Nani alikuwa na jina la mama mdogo kabla ya keri ile kuingia? Hakuna. Waliulizia njiani nyumba zilizoezuliwa. Kwetu taarifa ya maafa huanzia kwa sheha, kiongozi wa Serikali wa shehia, inapanda Wilayani, na chombo chenye dhamana ni Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Kuna sheria yake, Namba 1 ya mwaka 2015. Mgeni anayekuja kukagua nyumba za shehia bila ya sheha kujua, huyo hajatumwa. Sisi sheha wetu siku ile alikuwa mazikoni, na sidhani kama ilikuwa bahati mbaya. Aliporudi akaulizwa, akasema hajaona barua yoyote. Kufikia hapo keri ilishakula nyumba kama arobaini, kwa namba zilizoko ukutani.

Na kama kuna malipo halali ya Serikali, hupewi namba ya simu ya mtu. Unapewa namba ya malipo, ile kontrol namba, unalipa kwa ZanMalipo, unapata stakabadhi. Lakini kwa mtu aliyeezuliwa paa, hata wakija na kontrol namba mimi ningeuliza mara mbili wanamtoza kwa lipi.

Kwa waliokwisha pitiwa, fanyeni haya leo, msingoje kesho. Tengenezeni mapaa yenu. Pigeni picha kwanza, ndani na nje, na jirani mmoja aonekane pichani, kisha pigilieni bati. Pigeni *106# muone laini zilizosajiliwa kwa namba zenu za NIDA, na usiyoijua nenda nayo duka la mtandao husika, na kitambulisho chako mkononi, uikatae. Ile namba mliyoitumia pesa itumeni kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Na nendeni polisi mkaandikishe, hata kama mnaona haya. Najua mnaona haya. Katika nyumba zote zile, mpaka jana waliokwenda kituoni ni wanne, wengine wanasema "35,000 tu, niende nikachekwe?" Mzee mmoja alinambia bora aseme alinunua dawa.

Jengine: msigombane na vijana wanaokuja na barua ya kweli. Kuna watu wa Wilaya walifika wiki iliyopita na sheha wakiwa pamoja, wakatimuliwa na wanawake wa mtaa kwa mawe na matusi, na sasa orodha ya kweli imechelewa kwa ajili ya orodha ya uongo.

Alama zao: keri nyeupe, taa ya nyuma ya kulia imevunjika imefungwa utepe mwekundu, pleti namba imepakwa matope hata siku ya jua. Msemaji wao ni mrefu, ana lafudhi ya mjini, anaita kila mwanamke "bi mkubwa" na anapenda kuomba maji ya kunywa kwanza. Tunayo picha moja ya gari, ya ubavuni, iko polisi. Mwenye picha ya mbele aipeleke huko huko, asiitupe mitandaoni kabla, wasije wakabadilisha gari.

Walimwambia kijana mmoja wa bodaboda kwamba wakimaliza Micheweni wanashuka Mkoani. Mwenye mama, shangazi au bibi huko ampigie usiku huu.