Programu za Kupanga na Kuhariri Picha: Uliza Kwanza Majina Yanakaa Wapi

Barua za wasomaji kuhusu programu za picha zimekuwa zikinijia na lalamiko moja, ingawa kila mwandishi hulieleza kwa namna yake. Mpiga picha wa harusi wa Kayole, Nairobi, aliandika majina ya maharusi, wasimamizi na wazee wa pande zote mbili kwenye picha zake za miaka mingi, kisha akahamia programu nyingine iliyokuwa na bei nafuu, akakuta picha zote zipo na hakuna jina hata moja. Katibu wa kwaya moja ya Buruburu alimpelekea fundi kompyuta iliyokwama. Picha ziliokolewa salama kwenye diski ya nje, lakini albamu, nyota na maelezo ya kila tamasha yalifutika pamoja na programu. Wote wawili walinunua programu nzuri, inayosifiwa kila mahali, na hakuna muuzaji aliyewaeleza jambo hili kwa sababu hakuna mnunuzi anayeliuliza.

Kwa hiyo katika mwongozo huu sitazungumzia kasi, wala vitelezi vya mwanga, wala uwezo wa kuondoa chembechembe kwenye picha zilizopigwa gizani. Mambo hayo yamefanana vya kutosha katika programu zote kubwa, na mtu anayepiga picha za ubatizo au mahafali hataona tofauti inayostahili kubishaniwa. Nimezipanga kwa swali moja tu: ukiandika maelezo chini ya picha leo, maelezo hayo yanahifadhiwa ndani ya picha yenyewe, au ndani ya kabati la programu ambalo ufunguo wake si wako?

Utaratibu wa kuandika maelezo ndani ya faili ya picha si mpya. Mashirika ya habari yaliuweka kupitia viwango vya IPTC, baraza lao la kimataifa, na mwaka wa 2001 Adobe ikaleta XMP, muundo wa kuandikia maelezo ya faili, ambao mwaka wa 2012 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa cha ISO. Picha ya JPEG inaweza kubeba maelezo hayo tumboni mwake, kama zile picha za studio za zamani zilizoandikwa majina nyuma kwa kalamu ya wino. Picha ghafi za RAW, yaani CR3 za Canon, NEF za Nikon na ARW za Sony, kwa kawaida haziguswi. Programu huandika faili ndogo yenye jina lilelile na mwisho wa .xmp, ikaiweka kando ya picha kwenye folda hiyohiyo. Tatizo ni kwamba programu nyingi huandika kwanza kwenye hifadhidata yake, na baadhi huishia hapohapo mpaka mwenyewe uziamuru kufanya zaidi.

Kabla hujalipa hata shilingi, tumia muda wa majaribio ya bure kwa kazi hii. Chukua nakala ya JPEG moja na RAW moja, andika sentensi ya Kiswahili kwenye sehemu ya maelezo, ongeza maneno mawili matatu ya kutafutia, kisha funga programu kabisa. Nenda kwenye folda kwa njia ya kawaida ya Windows, bofya JPEG kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua Properties na uangalie ukurasa wa Details. Kama maandishi yamo ndani ya faili, utayaona hapo, hata kama Windows itayaweka kwenye mstari wenye jina tofauti na lile la programu yako. Kwa RAW, tafuta faili ya .xmp na uifungue kwa Notepad. Katikati ya msitu wa alama za pembe utaiona sentensi yako imekaa wazi, inasomeka bila programu yoyote ya kulipia. Usipoikuta, usinunue mpaka ujue ni swichi gani inayopaswa kuwashwa.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya watu wenye muda mwingi. Waulize waliokuwa wakitegemea Picasa, programu ya bure ambayo Google iliinunua mwaka wa 2004 na kuiacha mwaka wa 2016. Maelezo ya chini ya picha za JPEG yalisalimika kwa sababu Picasa iliyaandika ndani ya faili, lakini marekebisho yaliyokuwa hayajahifadhiwa kwenye picha yalikaa ndani ya faili zilizofichwa ziitwazo .picasa.ini, ambazo programu nyingine nyingi hazizisomi. Isitoshe, tangu Kenya ipitishe Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka wa 2019, mtu ana haki ya kudai taarifa zake zifutwe katika hali zilizotajwa na sheria, na picha inayomtambulisha ni miongoni mwa taarifa hizo. Mzazi akikuandikia kwamba mtoto wake aondolewe kwenye picha za siku ya michezo, utamtafutaje kati ya maelfu ya picha zisizo na majina?

Nafasi ya kwanza naipa Lightroom Classic ya Adobe, na sifichi kwamba nina upendeleo. Nimeizoea, naipenda, na sijaona nyingine inayounganisha vizuri hivi upangaji wa picha na uhariri wake katika dirisha moja. Hata hivyo, inapotoka dukani imezimwa mahali pabaya kabisa. Kila unachoandika huingia kwenye katalogi, faili yenye mwisho wa .lrcat, na haipeleki chochote kwenye picha mpaka ufungue menyu ya Edit, uingie Catalog Settings, uchague Metadata na kuweka tiki kwenye kisanduku cha kuandika mabadiliko moja kwa moja kwenye XMP. Tiki hiyo moja ndiyo ingemwokoa yule bwana wa Kayole. Kama unaogopa kwamba itapunguza kasi ya kompyuta yako, basi jizoeze kuchagua picha zote mwisho wa kila kazi na kubonyeza Ctrl+S, amri inayofanya kazi hiyohiyo kwa mkono.

Hata tiki ikiwepo, kuna vitu ambavyo Lightroom Classic haiviandiki kwenye XMP: mikusanyo, nakala pepe (virtual copies) zisizo na faili yake, na mafungu ya picha yaliyorundikwa pamoja. Dawa ya mikusanyo ni rahisi, nayo ni kuipa kila picha iliyomo neno la kutafutia lenye jina la mkusanyo huo, kwa sababu maneno ya kutafutia husafiri na picha. Unapotoa nakala za kumpa mteja, hakikisha umechagua maelezo yote yaende nazo, na kwamba kisanduku cha kuondoa majina ya watu hakina tiki kama unataka majina yabaki. Ukishafanya hayo, usimtumie mteja picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana huko hubanwa na kuvuliwa maelezo. Itume kama dokumenti. Na tafadhali mwonye fundi wako. Wapo mafundi ambao wakiona folda ina mamia ya vifaili vya .xmp huvifuta wakidhani ni takataka zinazojaza diski.

Jambo jingine linaloniridhisha ni kwamba usajili ukiisha, Lightroom Classic haikufungii mlango. Bado unaweza kuifungua, kuzitazama picha, kutafuta kwa maneno na kutoa nakala. Kinachofungwa ni sehemu ya uhariri na ile ya ramani. Kwa mtu anayelipa mwezi huu na kukosa mwezi ujao, hilo si jambo dogo. Pia haihitaji intaneti kila siku, kwani mwenye usajili wa mwaka anaweza kufanya kazi hadi siku 99 bila kuunganishwa, na wa mwezi siku 30.

Bei ndiyo inayonikera. Kwa miaka mingi mpango wa wapiga picha, wenye Lightroom, Photoshop na hifadhi ya GB 20, uliuzwa dola 9.99 kwa mwezi, na ulikuwa mpango wa watu wa kawaida. Januari 2025 Adobe iliufunga kwa wateja wapya. Anayeanza leo akitaka Lightroom Classic pamoja na Photoshop anaelekezwa kwenye mpango wa dola 19.99 wenye hifadhi ya TB 1, ambao kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola ni karibu shilingi 2,600 kila mwezi, kabla ya VAT ya asilimia 16 inayotozwa huduma za kidijitali kutoka nje. Wengi wetu hatuna intaneti ya kupandisha TB 1 ya picha za RAW hata tukikesha, kwa hiyo tunalipia ghala tusiloweza kulijaza. Upo mpango nafuu wa Lightroom usio na Photoshop, na kwa wengi huo unatosha, ila thibitisha kwamba Classic imo kabla hujabonyeza kitufe cha kulipa, kwa sababu tangu Oktoba 2017 jina la Lightroom linabebwa na programu mbili tofauti, na ile nyingine imejengwa kwa ajili ya kuhifadhi picha kwenye wingu. Asiye na kadi ya benki anaweza kujaribu kadi ya M-Pesa GlobalPay, iliyopo tangu 2022.

Nafasi ya pili naipa Photo Mechanic, ambayo si mhariri wa picha hata kidogo na haidai kuwa hivyo. Ni programu ya wapiga picha wa habari, na kwa swali letu inaishinda hata Lightroom, kwa kuwa kuandika maelezo ndani ya faili ndiyo kazi yake tangu mwanzo. Iangalie ikifanya kazi kwenye mechi ya uwanja wa Kasarani. Kabla ya mchezo kuanza mpiga picha huandaa orodha ya maandishi: upande mmoja msimbo mfupi, kwa mfano herufi ya timu na namba ya jezi, na upande wa pili jina kamili la mchezaji. Mechi ikichezwa, anaandika \g7\ kwenye sehemu ya maelezo, na papo hapo msimbo unageuka kuwa jina lililopigwa herufi sahihi pamoja na klabu yake. Sioni sababu ya mpiga picha wa mahafali kutotumia mbinu hiyo kwa majina ya wahitimu. Kikwazo ni kwamba utahitaji programu nyingine ya kuhariri, na gharama mbili kwa kazi moja ni mzigo, ndiyo maana sikuiweka juu.

Capture One naiweka ya tatu. Rangi zake ni nzuri, hasa kwa ngozi zetu zinazoharibiwa na programu zilizozoea watu wengine, na kazi ya studio kwa kamera iliyounganishwa na kompyuta huifanya vizuri sana. Ina chaguo la kusawazisha maelezo na faili za XMP, ambalo ni lazima uende kulihakikisha mwenyewe kwenye mipangilio. ACDSee inafuata, inauzwa pia kwa malipo ya mara moja, jambo ninaloliheshimu, lakini kategoria na lebo zake huanza kwenye hifadhidata yake na kukusubiri uamuru zipachikwe kwenye faili.

Za bure ni digiKam na darktable. Ya kwanza ni hodari wa kupanga na inaweza kuwekwa iandike kwenye faili; ya pili huandika .xmp zake yenyewe. Kwa swali la mwongozo huu zote mbili zinafaulu, na kama huna pesa chukua digiKam leo. Mimi hunichosha mpangilio wa madirisha yake, na sitajifanya nimevumilia vya kutosha kuziandikia zaidi.

Ya mwisho ni Google Photos, ambayo wengi hawaioni kama ununuzi mpaka GB 15 za bure zinapojaa, hasa tangu hifadhi isiyo na kikomo ilipositishwa tarehe 1 Juni 2021. Maelezo unayoyaandika humo hayaingii kwenye picha. Ukiamua kuondoka na kuomba picha zako kupitia Takeout, huduma ya Google ya kupakua data yako, utapewa maelezo hayo kwenye faili za maandishi za JSON zilizotengana na picha, na kuyarudisha mahali pake kunahitaji chombo kama ExifTool na mtu mwenye subira. Itumie kama akiba ya nakala, wala si mahali pa kuandikia majina.

Sasa kuhusu wauzaji wa mjini. Kwenye maduka ya kompyuta kati ya Moi Avenue na Luthuli utauziwa kipakatalishi kilichotumika na kuambiwa kwamba Lightroom imo ndani tayari, ni ya maisha. Toleo la mwisho la Lightroom kuuzwa kwa malipo ya mara moja lilikuwa la 6, la mwaka wa 2015, na halikupata masasisho tena baada ya mwisho wa 2017. Picha ghafi za kamera zilizotoka baadaye halizisomi. Ikiwa ni toleo jipya kuliko hilo na muuzaji anasema ni ya maisha, basi limevunjwa kufuli, na mara nyingi kizuia virusi kimezimwa ili lifanye kazi. Bei ya kompyuta hiyo nayo imepandishwa kwa sababu ya programu ambayo muuzaji hakuilipia. Mwambie aifungue mbele yako, aingie menyu ya Help na akuonyeshe namba ya toleo, kisha aiondoe na akupunguzie hizo pesa.