Daftari la babu au programu ya simu: duka la ukoo lihesabiwe na nini?

Duka alilofungua babu huko Mwanjelwa, Mbeya, kaunta sasa anakaa mjukuu, na ubishi haukosi: tubaki na kauntabuku au tuhamie kwenye simu?

Kwa gharama, daftari halina mpinzani. Halitaki bando wala chaji, na bibi akiachiwa duka saa moja anaandika bila kufundishwa. Shida ni madeni. Mteja wa Uyole anayelipa akishavuna viazi, deni lake hukaa miezi. Usipohamisha salio ukurasa unapoisha, limekwenda. Kila mkopaji apewe ukurasa wake: tarehe, bidhaa, kiasi, salio, saini.

Programu inajumlisha yenyewe, na ndugu aliyeko Dar anaona mauzo. Inakopotoka ni bidhaa za kupima. Mfuko wa sukari wa kilo 50 ukiuingiza kama "1" kisha ukauza robo kilo kama 0.25, robo ya tano tu stoo inasoma hasi. Ingiza 50, kipimo kiwe kilo. Hata hivyo sukari humwagika na mkono huzidisha kwenye mizani, kwa hiyo pima kilichobaki kila wiki. Simu ikiibwa bila nakala mtandaoni, madeni yote yameondoka nayo.

Muuzaji mmoja na wakopaji wachache, daftari latosha. Matawi mawili, au ndugu wanaochungana droo ya pesa (wapo, tusifichane), programu ndiyo itakayowatuliza. Ukichanganya, weka madeni kwenye daftari na stoo kwenye simu. Kuandika kitu kilekile kote kuwili hakudumu mwezi.