Uzoefu wangu na WDI: hifadhidata ya maendeleo ya Benki ya Dunia kwa mtumiaji wa Mombasa

World Development Indicators ya Benki ya Dunia, ambayo wengi tunaiita WDI, ina viashiria vinavyokaribia 1,500 kwa nchi na maeneo 217, na baadhi ya mifululizo inaanzia mwaka 1960. Tangu Aprili 2010 iko wazi na ni bure. Hujisajili, hulipi, na leseni yake inakuruhusu kutumia takwimu hata kibiashara mradi utaje chanzo. Kwa mwanafunzi, mwandishi wa habari au mfanyakazi wa shirika anayetaka kuiweka Kenya kando ya Tanzania, Uganda na Msumbiji kwa kipimo kimoja, sijui pa kuanzia pazuri kuliko hapa. Anayetafuta takwimu za Mombasa yenyewe atatoka mikono mitupu. Hilo nitalirudia chini.

Milango ya kuingilia ni mitatu. Tovuti ya data.worldbank.org inatosha ukitaka kiashiria kimoja na mchoro wake. DataBank ni ya jedwali lenye nchi na viashiria kadhaa: chagua nchi chini ya Country, viashiria chini ya Series, miaka chini ya Time, kisha bofya Apply Changes. Usipobofya hapo, jedwali unaloliona ni lile la mwanzo, na ndilo utakalopakua. Mlango wa tatu ni API, yaani anwani ambayo programu huitumia kuomba takwimu moja kwa moja, kwa wanaoandika programu. Kiswahili hakimo katika lugha za tovuti, kwa hiyo nashauri ushike misimbo kuliko majina marefu: SP.POP.TOTL ni idadi ya watu, SP.DYN.LE00.IN ni umri wa kuishi unaotarajiwa, EG.ELC.ACCS.ZS ni asilimia ya watu wenye umeme.

Ukipakua CSV (jedwali la maandishi matupu) kutoka ukurasa wa kiashiria unapata zip yenye faili tatu: ya takwimu, ya maelezo ya nchi na ya maelezo ya kiashiria. Wengi hufungua ya kwanza na kuzifuta mbili zilizobaki, nao hapo ndipo wanapojiharibia. Faili ya takwimu ina mistari minne ya utangulizi kabla ya vichwa vya safu, kwa hiyo programu yako iambie iiruke hiyo minne. Halafu, chini ya majina ya nchi kumechanganywa makundi: Dunia, Afrika Kusini mwa Sahara, nchi za kipato cha chini, na mengineyo. Ukijumlisha safu nzima ya idadi ya watu utapata dunia yenye watu mara kadhaa ya waliopo. Dawa iko katika ile faili ya maelezo ya nchi: mstari ambao safu yake ya Region ni tupu ni kundi, si nchi. Unganisha faili mbili kwa msimbo wa herufi tatu (KEN, TZA, UGA, COD, COM), ondoa wasio na kanda, na jedwali lako litakuwa safi. Usiunganishe kwa majina, kwa sababu Kongo imeandikwa "Congo, Dem. Rep." na vyanzo vingine vinaandika vingine. Tena, msimbo wa herufi mbili wa Namibia ni NA, na R pamoja na pandas, zana za kuchambua takwimu, huusoma kama "hakuna takwimu". Nchi nzima inapotea kimyakimya. Tumia herufi tatu.

Pengo katika DataBank huandikwa kwa nukta mbili. Excel huziona kama maandishi: wastani utazipita, lakini ukitoa seli moja kwenye nyingine utapata kosa. Kwenye mipangilio ya kupakua unaweza kuchagua zibadilishwe ziwe tupu. Chaguo la sifuri pia lipo, nami naomba usiliguse. Nchi ambayo haijapimwa umaskini si nchi isiyo na maskini.

Sasa pato la taifa, ambako nimeona makala nyingi zikipotoka. Mwisho wa msimbo ndio unaokuambia unachokisoma. NY.GDP.MKTP.CD ni dola za mwaka husika. NY.GDP.MKTP.CN ni sarafu ya nchi. NY.GDP.MKTP.KD ni dola za bei ya mwaka wa msingi (bei za mwaka mmoja zikitumika kwa miaka yote), ambao kwa miaka ya karibuni umekuwa 2015. NY.GDP.MKTP.PP.CD imerekebishwa kwa uwezo wa kununua. Chukua Kenya 2022 na 2023. Shilingi ilikuwa wastani wa kiasi cha 118 kwa dola mwaka wa kwanza, na kiasi cha 140 mwaka uliofuata. Ukisoma CD, uchumi wa Kenya ulipungua 2023. Ukisoma KD, ulikua kwa zaidi ya asilimia 5. Namba zote mbili ni sahihi, ila anayetumia ya kwanza kuandika kwamba uzalishaji ulishuka amesema uongo bila kukusudia, kwa maana kilichoshuka ni thamani ya shilingi. Ukuaji usome kwenye KD au NY.GDP.MKTP.KD.ZG. Ukubwa wa deni la nje ukilinganishwa na uchumi, hapo CD ina mahali pake. Kulinganisha hali ya maisha ya mtu wa Kenya na wa Misri, nenda PP na ugawanye kwa watu.

Kuna pia marekebisho ya mwaka wa msingi. Septemba 2014 Kenya ilihamisha msingi kutoka 2001 hadi 2009 na pato la taifa likapanda kwa takriban robo. 2021 ikahamia msingi wa 2016. WDI hurekebisha na miaka ya nyuma, hivyo ripoti ya zamani haitalingana na unachokipakua leo. Usichanganye vyanzo viwili katika mchoro mmoja.

Jirani zetu wa Tanzania wana jambo lao. Kwa miaka mingi takwimu zao za pato la taifa humu zimebeba tanbihi kwamba zinahusu Tanzania Bara tu, ilhali idadi ya watu ni ya Muungano mzima. Anayegawa moja kwa nyingine bila kusoma tanbihi anawahesabu Wazanzibari kwenye watu na kuwaacha nje kwenye pato.

Swali ambalo nawahimiza watu waliulize kwa kila mstari ni hili: hii imepimwa au imekadiriwa? SL.UEM.TOTL.ZS, ukosefu wa ajira, ni makadirio ya modeli ya Shirika la Kazi Duniani. Na tafsiri yake ni kali: asiye na kazi ni yule ambaye hajafanya hata saa moja ya kazi ya kipato katika wiki ya rejea, anatafuta, na yuko tayari kuanza. Kijana anayeuza maji ya chupa pale Buxton kwa saa chache amehesabiwa ana kazi. Ndiyo sababu namba ya Kenya inaonekana ndogo kuliko hali ya mtaani. Umaskini, SI.POV.DDAY, una tabia ya kinyume: unategemea utafiti wa kaya, na kati ya 2005 na 2015 hakuna kitu, kwa sababu utafiti mkubwa ulifanywa 2005/06, kisha 2015/16. Ukivuta mstari kati ya nukta hizo mbili umeibuni miaka tisa. Zaidi ya hayo, msimbo ni uleule lakini kipimo cha umaskini kimehama: dola 1.90 kwa mtu kwa siku, kisha 2.15 mwaka 2022, kisha 3.00 mwaka 2025.

Kuhusu Mombasa: WDI inaishia ngazi ya taifa. IS.SHP.GOOD.TU, shughuli za makontena bandarini, inatoa jumla ya Kenya. Sehemu kubwa kabisa ni Kilindini, bandari ya Mombasa, lakini tangu 2021 Lamu nayo inapokea meli, na shehena ya kwenda Uganda au Rwanda imo humohumo. Takwimu za bandari peke yake ziko kwa Halmashauri ya Bandari. Za kaunti, pamoja na pato lake, ziko kwa KNBS, shirika la taifa la takwimu la Kenya. Uwe mwangalifu kuzichanganya: sensa ya 2019 ilihesabu watu 47,564,296 nchini, huku WDI, inayotumia makadirio ya Umoja wa Mataifa, ikiwa juu ya milioni 50 kwa mwaka huohuo. Mgao wa Mombasa, watu 1,208,333, ukokotoe kwa jumla ya sensa.

Kwa wenye bando dogo, API ndiyo nafuu. Faili ya WDI nzima ni nzito. Andika:

https://api.worldbank.org/v2/country/KEN;TZA;UGA/indicator/SP.POP.TOTL?format=json&date=2000:2023&per_page=500

Usipoweka format utapewa XML. Usipoweka per_page utapewa mistari 50 kwa ukurasa, na hapa inahitajika 72, yaani 22 itabaki ukurasa wa pili bila onyo lolote. Ukitaka thamani ya karibuni tu iliyopo, ondoa date uweke mrnev=1, kisha angalia mwaka uliorudi kwa kila nchi, maana huenda Kenya ikawa ya 2022 na jirani ya 2018.

Takwimu husasishwa mara kadhaa kwa mwaka. Tarehe ya mwisho ya kusasishwa imeandikwa katika ile mistari minne ya juu. Inakili chini ya jedwali lako pamoja na msimbo. Msomaji akikuta namba tofauti baadaye, DataBank ina sehemu iitwayo WDI Database Archives, na humo ataweza kulitafuta toleo ulilotumia.