Kaunta alikuwa mtu mzima, kwenye slaidi akawa mtoto

Nitaanza na pesa, kwa sababu na wao, wenye hoteli, walianza na pesa. Ofa ya familia waliyotutumia kwenye simu ilikuwa shilingi 380,000 za Uganda kwa usiku mmoja: chumba, kifungua kinywa, na kuingia kwenye bwawa lao lenye paa, watu wazima wawili na watoto wawili. Kwa upande wa Entebbe hiyo ni bei nzuri, na wanaozijua bei za huko watakubaliana nami. Mama mkwe wangu tulijua tangu mwanzo kwamba tutamlipia pembeni, na hilo halina ubishi. Kilichonikera ni shilingi 95,000 zilizoongezwa juu ya kichwa cha binti yangu wa miaka saba. Nasema juu ya kichwa chake nikimaanisha hivyo hasa.

Tulitoka Bombo asubuhi, tukashika Northern Bypass hadi Busega, tukapanda barabara ya kulipia, 5,000 ya tozo, na kabla ya saa sita tulikuwa mapokezi na mabegi yetu. Watoto walikuwa hawajalala vizuri kwa furaha. Walikuwa wameambiwa habari ya slaidi, ile ya kuteleza hadi majini, tangu shule zifungwe.

Pale mapokezi wamechora twiga ukutani. Shingoni mwake kuna mstari mwekundu na namba 120. Mtoto akiupita mstari analipiwa bei ya mtu mzima, asipoufikia ni mtoto. Sheria yenyewe sina neno nayo, inaondoa mabishano ya umri, maana kila mzazi akifika kaunta mtoto wake hajafika miaka sita. Mwanangu mdogo, wa kiume, alipita bila maneno, ana miaka minne, hafiki hata kifua cha huyo twiga. Binti yangu akasimama. Alikuwa amevaa viatu vyake vya Idi, vile vyenye soli nene. Shuleni kwao wanavaa hijabu, kwa hiyo hanyolewi kama wasichana wengi wa shule za hapa, na shangazi yake alikuwa amemsuka kwa ajili ya safari, mafundo mawili yamesimama utosini. Yule dada wa kaunta hakutoka hata kwenye kiti. Alinyanyua macho, akaangalia mafundo, akasema, "Anapita."

Nikamwambia, dada, mtoto avue viatu basi. Akasema mfumo umeshaingiza. Nikamwambia hizo ni nywele, kichwa kiko chini yake. Akanijibu, "Madam, nyuma yenu kuna watu." Na kweli walikuwepo watu. Mume wangu akanigusa mkono, akisema tumekuja kupumzika. Tukalipa. Kwa simu, na ya kutolea juu, kama kawaida.

Mama mkwe ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya kusikika, kwamba mtoto wa watu hapimwi na viatu vyake kama gunia la mahindi linalopimwa na mawe ndani. Hakuna aliyemjibu.

Hadi hapo ningeweza kusamehe, na ninaapa sikuwa na nia ya kuandika chochote. Laki moja inauma, lakini nilijiambia angalau huyu mtoto, akiwa amelipiwa kama mtu mzima, atacheza kila mahali hadi achoke.

Kuifikia slaidi kubwa unapanda ngazi za chuma, ndefu, zinazozunguka, na watu wamepanga foleni juu yake wakiwa wamelowa. Binti yangu alipanda mwenyewe akikumbatia lile godoro la mpira la kukalia, ambalo ni kubwa kuliko yeye. Mimi nilikuwa nyuma yake, baada ya watu kadhaa. Juu kabisa kuna ubao wa mamba, mkono wake umenyooshwa, na chini ya mkono wameandika 120. Namba ile ile. Msimamizi wa pale ni dada mwingine, filimbi shingoni, simu mkononi. Mtoto akasimama chini ya mkono wa mamba, miguu mitupu. Yule dada akaweka kiganja juu ya mafundo ya nywele, akayabonyeza hadi yakalala, akatazama nafasi iliyobaki kati ya kiganja chake na ule ubao. Upana wa vidole viwili.

"Huyu hafiki. Mtoeni."

Hakumwambia mtoto, aliiambia foleni. Kwa sauti ile ya makondakta wa taksi, hizi matatu zetu. Nikajipenyeza hadi mbele, nikaonyesha utepe wa mkononi wa mwanangu, wa bluu, ambao ni wa watu wazima, nikasema huyu amepimwa mapokezi na mimi nimemlipia kama mtu mzima kwa sababu wenzako wamesema anapita 120. Akanijibu kitu ambacho sijakisahau hadi leo: "Kule ni mambo ya pesa. Huku ni usalama."

Mtu ameajiriwa, amepewa sare na filimbi, na anaweza kutamka hayo mbele ya watu bila kuona tatizo lolote. Kwamba ndani ya uzio mmoja mtoto mmoja ana urefu wa aina mbili, mmoja wa kumlipisha na mwingine wa kumkatalia.

Niseme wazi kwamba juu ya usalama yule dada alikuwa sahihi. Vipimo vile vina sababu. Mtoto mwepesi anaweza kukwama katikati ya bomba, na anayemfuata akamgonga. Chini kule unatupwa kwenye maji yanayokwenda kasi, na mwenye miguu isiyofika sakafu anazungushwa kabla hajashika pumzi. Sitaki mwanangu ateremke mahali ambapo hatakiwi. Lakini kwa kuwa yeye alikuwa sahihi, basi yule wa mapokezi alikosea, na kosa hilo lina bei yake, na bei yake ni 95,000. Haiwezekani wote wawili wawe sahihi halafu mimi niwe mlipaji wa tofauti.

Kushuka ilibidi tushuke kwa ngazi zile zile, foleni ikipanda, watu wakigeuka ubavu ubavu kutupisha. Kuna mvulana mmoja alicheka. Binti yangu hakulia. Alifika chini, akanitazama, akauliza, "Mama, sasa mimi ni mkubwa au mdogo?" Sikuwa na jibu, na ndipo hasira iliponipanda hasa, maana hiyo laki moja mtu anaweza kuitafuta tena, lakini mtoto aliyeshushwa mbele ya watu kama aliyeiba kitu, unamrudishia nini?

Nikaenda mapokezi na nguo zikichuruzika maji. Dada wa kaunta akasema risiti imeshatoka kwenye mashine, haibadiliki. Hapo alikuwa anaongea na mtu asiye sahihi. Tuna duka la vifaa vya ujenzi, tunatoa risiti za EFRIS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya kodi, tangu ulipoanza mwaka 2021, na mteja akirudisha bati tunaomba marekebisho kwenye mfumo huo huo, na asilimia 18 ya VAT inarekebishwa pamoja nayo. Kuna kazi ndogo ya kuandika sababu, basi. Nikamweleza hayo, taratibu. Akasema meneja yuko kwenye mkutano. Nikauliza mkutano utaisha saa ngapi, akasema hajui. Akaandika namba yangu kwenye kikaratasi.

Sasa, bwawa lenyewe. Siwezi kulisema vibaya, na hili ndilo linalonichanganya. Tulikwenda likizo ile ya baada ya muhula wa kwanza, kipindi cha mvua, na alasiri ilishuka mvua ya ziwani yenye radi za kutisha. Kandokando ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na kwenye mabwawa ya wazi huko Entebbe ngurumo ikisikika tu watoto wote wanatolewa majini, siku imekwisha. Sisi mvua ilipiga bati juu ya vichwa vyetu na michezo ikaendelea. Kwa mzazi aliyelipia usiku mmoja tu, paa lile lina thamani yake. Ziwani kwenyewe mimi siingizi watoto, kwa sababu ya kichocho, na mtu asiniambie ufuo fulani ni salama kwa sababu una mchanga mweupe. Konokono wa kichocho hajali mchanga.

Na maji yao ni masafi. Ukisimama ukingoni unaona mistari ya vigae hadi upande wa kina. Halafu hayanuki. Watu wengi wakikuta harufu kali ya klorini wanadhani hapo ni pasafi, kumbe harufu ile inatokea klorini inapokutana na jasho na mikojo, na ndiyo inayowasha macho. Pale hakuna mtoto wangu aliyetoka na macho mekundu. Pia nilikuwa na wasiwasi juu ya nguo zetu ndefu za kuogelea, kwa sababu kuna sehemu tumewahi kurudishwa getini. Hapa hakuna aliyetuuliza. Hilo nawapa, tena kwa moyo wote.

Na yupo kijana mmoja, mlinzi wa bwawa la watoto. Alituona tumekaa ukingoni, binti yangu amejifunika taulo hadi kichwani. Alitusikia tunaongea Kiswahili, akaja akachuchumaa mbele ya mtoto, si mbele yangu. Akasema na yeye anakiongea, kwao ni Busia, mpakani na Kenya. Akamwuliza, "Mdogo wangu, unajua kulala juu ya maji?" Akatikisa kichwa. "Basi hao wote walioko kule juu nao hawajui, njoo nikufundishe." Akamshika chini ya mgongo kwa kiganja kimoja: kichwa nyuma zaidi, masikio yaingie majini, tumbo juu, usikunje kiuno, pumua. Mtoto alizama, akakohoa, akarudi. Kijana hakumwacha hadi alipoweza kuelea mwenyewe, akiangalia bati, mikono imetawanyika. Mama mkwe alipiga kigelegele, watu wakageuka. Ile furaha ya mwanangu siku hiyo hakuna slaidi ingeweza kuileta. Wakati ule, mtu angeniuliza, ningesema nendeni, wapelekeni watoto wenu, msahau yote niliyoandika hapo juu.

Usiku nililala nikiwa nimesamehe karibu kila kitu.

Asubuhi tukaenda kifungua kinywa. Katogo yao ya matooke na maharagwe ni nzuri. Mhudumu akaangalia utepe wa bluu wa binti yangu, akaandika kwenye orodha yake: watu wazima wanne. Mtoto alikula kipande kimoja cha mkate na nusu ya yai. Halafu wakati wa kutoka, nikasoma zile 95,000 zilivyogawanywa kwenye karatasi, na nikaona ndani yake kuna kitanda cha ziada cha mtu mzima. Kitanda gani? Alilala na bibi yake, kitanda kimoja, blanketi moja. Hakuna kitanda kilicholetwa. Kwa hiyo alikuwa mtu mzima getini, mtu mzima kitandani ambapo hakulala, mtu mzima mezani ambapo alidonoa tu, na mahali pekee alipoambiwa ni mtoto ni pale alipotaka kucheza. Nikauliza tena habari ya meneja. Hajafika, nikaambiwa.

Mume wangu anasema ninaikuza. Anasema gharama yote, ukijumlisha mafuta na tozo, bado iko chini ya sehemu nyingine tulizouliza bei, na watoto wamefurahi. Ni kweli. Lakini unafuu wa bei haumaanishi kwamba mteja hana haki ya kuuliza, na sisi wenye kuhesabu kila shilingi ndio hasa tunaoumia na laki moja isiyo na maelezo. Tajiri hataiona.

Kwa hiyo mwenye watoto wadogo kabisa, aende, atafurahi, na amtafute yule kijana wa Busia. Mwenye vijana warefu waliokwisha pita mstari wazi, aende pia. Mwenye mtoto wa kati, wa miaka sita, saba, nane, namwambia asiende hadi wabadilishe upimaji wao. Au akienda, mtoto afike kaunta miguu mitupu na nywele zimelazwa, na mzazi asitoe simu ya kulipia kabla dada hajatoka kwenye kiti chake na kupima kwa mkono. Watu walio nyuma watasubiri.

Nilikuwa nimetoa nyota mbili. Nimefuta, nimeandika tatu, kwa ajili ya maji na kwa ajili ya kijana. Nikikumbuka kile kitanda naona hata mbili ni nyingi. Namba yangu waliichukua na hakuna aliyepiga. Nimesema nyumbani kwamba sirudi, mwenye kutaka aende na baba yake. Lakini binti anajilaza kwenye mkeka kila jioni, tumbo juu, mikono imetawanyika, anamfundisha mdogo wake kuelea, na juzi nimejikuta nauliza bei yao ya Desemba. Tukienda, tutapanda kwanza hadi kwenye ule ubao wa mamba apimwe miguu mitupu, na jibu litakalotoka huko ndilo nitakalokwenda nalo kaunta.