Rula au kanuni: umbali kati ya nukta mbili

Mwanafunzi wa Mtwara anayetafuta umbali kati ya A(2, 1) na B(5, 6) anaweza kupima kwa rula kwenye karatasi ya grafu au kukokotoa kwa kanuni ya Pythagoras. Rula humwonyesha umbali kwa macho, na ndiyo maana napenda aanze nayo. Lakini kwa skeli ya sentimeta 1 kwa kizio 1 atasoma 5.8, na unene wa ncha ya penseli watosha kumpeleka 5.7 au 5.9.

Kanuni haitegemei mkono. Kutoka A unakwenda vizio 3 kulia na 5 juu, na kwa kuwa hatua hizo hukutana kwa pembe mraba, AB huwa kiegema cha pembetatu, yaani upande unaokabili pembe hiyo. Kipeo cha pili cha kiegema ni jumla ya vipeo vya pili vya 3 na 5: 9 jumlisha 25 ni 34, ambayo kipeuo chake cha pili ni takribani 5.83. Ukianzia B tofauti ni −3 na −5, lakini vipeo vyake vya pili hubaki 9 na 25. Hapo ndipo wengi hukosea kwa kuandika −9. Nukta (−40, 15) na (200, 85) hazienei vizuri karatasini, ilhali kanuni hutoa 250 kamili.

Njia zote mbili hupima mstari ulionyooka, kwa hiyo umbali wa Mtwara hadi Mikindani ramanini ni mfupi kuliko wa barabara.